Siku Asipogonga

Ijumaa, 30 Novemba 1951

Shule imefungwa leo. Mwalimu Flavia amenipa kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada wala kurasa za mwanzo, kwa hiyo sijui kinaitwaje wala nani alikiandika. Ni riwaya ya meli iliyobeba watumwa. Nikisome likizo nzima, kisha Januari niwasimulie wenzangu darasani kwa Kiswahili. "Mdomo unao, Marcelina," aliniambia mbele ya watu. "Safari hii utufae nao." Wakacheka, na mimi nikacheka ili wasifaidi peke yao.

Bahari sijawahi kuiona. Maji mengi niliyowahi kuyaona ni mbuga ya Itetemia ikifurika. Itabidi meli yenyewe niieleshe humo.

Jumamosi, 1 Desemba

Nyumbani ni kama nilivyopaacha. Mama analalamika juu ya magugu. Baba yuko kazini relini, Kaliua, atakuja karibu na Noeli. Babu Jilala amekaa barazani na fimbo yake, mnyoofu vilevile, na Bibi Maua yuko uani akitwanga. Bibi Maua si mama yake Baba. Mama yake Baba alikufa akimzaa, na Bibi Maua ndiye aliyemlea. Anakaa katika chumba kidogo cha nyuma, kilichopakana ukuta na chumba cha Babu.

Niandike hapa jambo lililonitia aibu mwaka jana. Kila alfajiri Babu hugonga kwa fimbo mara tatu kwenye nguzo ya mninga iliyo katika ukuta ule, na Bibi Maua hujibu mara moja kutoka upande wake. Tangu nizaliwe nimeamka kwa sauti hiyo. Basi tulipoambiwa tuandike insha "Asubuhi kwetu", nikaandika kwamba mzee wa nyumba hugonga na bibi hujibu, kama ilivyo katika kila nyumba yenye adabu. Darasa zima lilicheka. Hakuna hata mmoja ambaye kwao wanagonga. Nilidhani ni wao wasio na adabu.

Jumanne, 4 Desemba

Mvua. Nimepalilia karanga mpaka kiuno kikagoma. Kitabu sijakigusa.

Alhamisi, 6 Desemba

Nimeanza. Bibi Maua aliniona na kitabu akauliza kinasema nini. Nikamweleza: kuna meli, na chini ya meli kuna watu waliofungwa. Akaacha kupepeta.

"Wanapelekwa wapi?"

"Ng'ambo ya bahari, Bibi."

"Nisomee."

Nikasema ni Kiingereza. Akasema, "Kwani nimekuuliza ni lugha gani?" Basi kila alasiri nitakuwa nikimsimulia nilichosoma. Nimefurahi, maana nitajizoeza kabla ya Januari.

Ijumaa, 7 Desemba

Sijui kama nitalala vizuri. Leo nimefika pale ambapo msimamizi wa meli anashuka chini kila alfajiri na rungu lake. Anagonga boriti mara tatu. Kisha kila mtu, gizani, anagonga ubao wake mara moja, mmoja baada ya mwingine, na karani anaandika. Ndivyo wanavyojua wangapi wamebaki hai bila kuingia kwenye uvundo.

Mara tatu, kisha moja.

Nilikifunga kitabu nikakiweka chini ya gunia la mpunga.

Jumamosi, 8 Desemba

Niliamka kabla yao ili nisikie. Babu alikohoa, kitanda kikalia, kisha zikaja tatu, taratibu, kwa nafasi sawa. Halafu kimya kidogo. Halafu moja kutoka nyuma. Miaka kumi na saba nimeisikia sauti ile nikageuka upande wa pili na kulala tena. Leo mwili ulinisisimka mpaka kwenye kucha.

Jumapili, 9 Desemba

Tukitoka misani nilimuuliza Mama kwa nini Babu anagonga. Alikaza kitenge chake.

"Ni salamu yao ya uzee."

"Mbona hamsalimii hivyo mtu mwingine?"

"Marcelina, kuna mboga hapa sokoni. Chagua mboga."

Jumatano, 12 Desemba

Babu alipokwenda kutazama mbuzi, niliingia chumbani mwake kuikagua nguzo. Usawa wa kitanda kuna shimo laini, kidole gumba kinaenea chote. Nikazunguka mpaka chumba cha nyuma. Upande ule nao una shimo, dogo zaidi, la kifundo cha kidole. Bibi Maua alinikuta nimelishika.

"Lako ni dogo," nilisema.

"Mimi hugonga mara moja tu."

"Na Babu hajawahi kusahau?"

"Hata siku moja," alisema. "Laiti angesahau."

Jumamosi, 15 Desemba

Mvua siku nzima. Bibi Maua anakohoa.

Jumanne, 18 Desemba

Leo nimemsimulia sura mbaya kuliko zote. Mtu mmoja chini ya meli anakufa usiku, na jirani yake aliyefungwa naye pingu moja anakaa kimya. Alfajiri rungu linapogonga, anagonga ubao wake, kisha anagonga na wa maiti. Anafanya hivyo siku tatu ili apate chakula cha wawili. Mimi nilimwona mjanja, na nilisimulia kwa madaha.

Bibi Maua alikuwa anabambua karanga. Akauliza, "Kwa hiyo siku tatu zile, maiti alikuwa bado mtumwa?"

Sikuwa nimeliwaza hilo. Nikasema, nadhani ndiyo.

Kisha akauliza kama katika meli hiyo yumo msichana mwenye kovu hapa, akaonyesha chini ya sikio. Nikamwambia hii ni hadithi tu, Bibi, watu wa kutungwa. Akasema anajua. Lakini wao walitolewa ng'ambo ya ziwa wakiwa wawili, yeye na dada yake, na walipofika Tabora yeye akaachwa hapa, na dada yake akapitishwa na msafara kwenda kwenye maji. "Tangu hapo sijapata mtu aliyeniambia huko mbele kulikuwaje. Wewe ndiye wa kwanza. Nitazamie tena vizuri."

Nimekitazama kitabu tangu mwanzo mpaka nilipofika. Msichana mwenye kovu hayumo. Nilitamani kumtia mwenyewe.

Ijumaa, 21 Desemba

Babu ameanguka.

Ilikuwa saa nne asubuhi, mvua imekatika. Alisimama barazani amwite mchunga mbuzi, neno likamgeukia mdomoni, akaenda chini upande mmoja kama gunia lililokatwa kamba. Mimi na Mama tulimbeba. Upande wa kulia wote haufanyi kazi: mkono, mguu, nusu ya uso. Mganga wa zahanati alikuja kwa baiskeli, akampima, akasema ni kiharusi, tumgeuzegeuze na tumnyweshe uji mwepesi, mengine ni ya Mungu. Mama ametuma simu Kaliua.

Bibi Maua hakuingia. Alisimama uani karibu na dirisha, mikono imekunjwa, akasikiliza kila tulichosema. Sikuweza kuusoma uso wake, nami husoma nyuso za watu kwa urahisi, ndiyo kazi yangu kubwa darasani. Hakuwa na huzuni. Alikuwa kama abiria aliyesikia treni kwa mbali.

Nimewekewa mkeka chumbani kwa Babu.

Jumamosi, 22 Desemba

Alfajiri nilisikia anahangaika. Alikuwa ananyoosha macho kwenye fimbo iliyoegemea ukuta, kisha kwenye nguzo, kisha kwangu. Mdomo ulitoa povu kwanza, halafu neno: "Gonga."

Nilimhurumia. Nikachukua fimbo, nikagonga mara tatu shimoni mle, na likaja jibu moja. Babu akafumba macho akalala kama mtoto aliyeshiba. Naandika ukweli: nilijiona mjukuu mwema.

Jumapili, 23 Desemba

Nimegonga.

Jumatatu, 24 Desemba

Nimegonga. Baba amefika.

Jumanne, 25 Desemba

Noeli. Nimegonga kabla ya kwenda misani.

Alhamisi, 27 Desemba

Leo Baba ameniambia. Nilimbana tukipukuchua mahindi, nikamuuliza bila kuzunguka kama Bibi Maua ni mtumwa wetu.

Alipukuchua hindi lake mpaka likabaki gunzi tupu. Kisha akasema kwamba baba yake Babu, Masolwa, yule tunayejisifia kwamba alikwenda pwani mara tisa, hakuwa anabeba meno ya tembo tu. Alikuwa kiongozi wa misafara, na kambini kila alfajiri alipita na fimbo akigonga nguzo za boma mara tatu, na kila mateka aliitika kwa kugonga mara moja. Bibi Maua alikuwa fungu lake la safari moja. Masolwa alipokufa, Babu alirithi nyumba, fimbo na kugonga.

"Lakini sheria," nilisema.

"Sheria ilikuja mwaka wa ishirini na mbili. Walisoma tangazo sokoni. Mimi nilikuwa kijana wa miaka kumi na minne, nimelala na homa, kila mtu anasema sitapona. Babu yako alirudi akamwambia Bibi Maua, umesikia. Akajibu, nimesikia. Mtoto huyu nimemlea kwa maziwa ya mbuzi, siwezi kumwacha hivi. Nitakaa. Lakini sikia, bwana: siku usipogonga, nimekwenda, wala hutaniuliza."

"Ukapona."

"Nikapona. Na Babu yako akaendelea kugonga."

Nikahesabu. Miaka ishirini na tisa. Ilimtosha Babu kulala tu. Asubuhi moja tu ageuke upande wa pili alale. Kila siku aliamka, akamshika upya.

"Na wewe, Baba?"

Baba alilia. Sijawahi kumwona akilia. "Mimi sina mama mwingine," alisema. "Aende wapi mtu wa umri ule, na kifua kile? Gonga tu, mwanangu. Hagongewi kwa ubaya."

Jumapili, 30 Desemba

Baba amerudi kazini. Mchana, tukisubiri ugali, vidole vyangu viligonga meza, mara tatu, sijui hata kwa nini. Uani mchi ulikuwa unapanda na kushuka. Ukasimama. Ukapiga ukingo wa kinu mara moja, kisha kutwanga kukaendelea. Bibi Maua hakuinua kichwa. Nadhani hakujua kwamba amejibu.

Sikula.

Alhamisi, 3 Januari 1952

Mvua ya siku tatu. Uani maji yanafika kwenye vifundo vya miguu, kuku wamehamia jikoni. Nikilala nasikia matone yakigonga bati, na kila mara nasikia tatu. Jibu la Bibi Maua limeanza kuchelewa. Leo nilihesabu mpaka tisa kabla halijaja. Katikati ya kuhesabu nilimwona Babu naye amefungua jicho moja, anahesabu.

Jumamosi, 5 Januari

Kumi na nne.

Jumanne, 8 Januari

Bibi Maua anatema damu kidogo kwenye kitambaa na kukikunja upesi. Nilimpelekea uji. Chumba chake kina mkeka, chungu na sanduku la mbao. Nikapiga magoti, nikasema shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akasema, "Mkono wako ni mwepesi. Nilijua siku ya kwanza kwamba siye yeye."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. "Kwa nini basi unajibu, Bibi? Ulimwapia Babu. Babu hajagonga tangu Ijumaa ile."

"Fimbo ni ya nyumba, na wewe ni wa nyumba. Nikiondoka huku nyumba inagonga, nitakuwa nimetoroka. Nilitoroka mara moja nikiwa kama wewe, wakanirudisha. Sitaki kutoroka. Nataka kuondoka."

Alikohoa mpaka nikamshika mgongo. Mgongo wake hauna kitu.

"Na ukifa kwanza?"

"Nitakuwa yule maiti wa kitabu chako," alisema. "Nilikuwa nasubiri kuona utagonga mpaka lini."

Jumatano, 9 Januari

Leo sikugonga. Nilikaa kwenye mkeka na fimbo mapajani, nikaishika kwa mikono miwili. Mwanga ulianza kuingia dirishani. Babu alinitazama. Akasema "Gonga," nikatikisa kichwa. Akasema tena. Nikatazama miguu yangu.

Kisha zikaja. Tatu, dhaifu, kutoka kwenye nguzo. Fimbo ilikuwa mikononi mwangu.

Sikuthubutu kugeuka. Nilisikia jibu, moja, na baada ya hapo ndipo nilipomtazama Babu. Alikuwa amejikokota mpaka ukingoni na kuupitisha mkono wa kushoto juu ya kifua chake, na kifundo cha kidole kilikuwa kinavuja damu. Nilimfunga kitambaa. Jicho lake zima lilinitazama na nikaona hanichukii. Ananiogopa.

Alhamisi, 10 Januari

Amegonga mwenyewe. Ishirini na moja kabla ya jibu.

Ijumaa, 11 Januari

Leo jioni nilimwambia Mama, "Kitanda cha Babu kisogezwe mbali na ukuta. Paa linavuja pale."

Mama aliingia, akasimama chini ya bati, akatazama juu muda mrefu. Hapakuwa na tone. Sakafu ilikuwa kavu kabisa. Ni Mama huyuhuyu wa "chagua mboga". Nilijiandaa kugombana naye.

"Kweli," alisema. "Linavuja." Akashika miguu ya kitanda, nami nikashika kichwani. Tukakisogeza mpaka katikati ya chumba, na Babu juu yake akitoa sauti ambayo sitaki kuiandika. Fimbo Mama aliitoa, akaiweka juu ya kabati lake.

Jumamosi, 12 Januari

Alfajiri Babu alinyoosha mkono wa kushoto. Ukapiga hewa, mara tatu. Haukufika popote.

Nilisubiri. Mvua ilikuwa imekatika, hata matone hayakuwapo. Upande wa pili wa ukuta nilisikia mkeka ukikunjwa.

Bibi Maua aliingia kwa mlango wa mbele. Sijawahi kumwona akiutumia. Alikuwa amevaa kaniki safi, mkeka mgongoni, chungu mkononi. Akasimama kando ya kitanda, akaweka kiganja mbele ya pua ya Babu.

"Yu hai," alisema. "Vizuri. Sikutaka kuachiliwa na maiti." Kisha, "Jilala, mwangaluka," salamu ya asubuhi ya kwetu. Sijawahi kumsikia akimwita kwa jina tupu. Jicho moja la Babu lilitoa machozi, lile lingine lilitazama tu.

Akaitazama nafasi kati ya kitanda na ukuta. "Nani amekisogeza?"

"Mimi na Mama."

"Paa linavuja?"

"Halivuji, Bibi." Sikuweza kumdanganya. Nilidhani nimeharibu kila kitu.

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, akasubiri kipite. "Nilisema siku asipogonga. Sikusema kwa sababu gani."

Mama alimfungia karanga na mahindi ya kuchoma. Alitaka kumlipia treni ya Kigoma, Bibi akakataa: alikuja kwa miguu, na kwenye treni hataijua njia. Nilimletea fimbo ya Babu aegemee. Aliitazama kama mtu aliyeletewa nyoka. "Hiyo? Hapana."

Nilimsindikiza mpaka barabara ya zamani, ile inayoelekea Ujiji. Maji yalikuwa bado yamelala mbugani pande zote mbili, njia imebaki mstari katikati. Nilimuuliza jina lake la kwao ni lipi, maana Maua ni jina la msafarani.

"Silikumbuki," alisema. "Lakini nikilisikia, nitaitika."

Akaniambia nirudi, nina mgonjwa nyumbani. Nilisimama mpaka sikumwona tena, kisha nikalia kwa sauti njia nzima, na waliokutana nami walidhani nimefiwa.

Jumapili, 20 Januari

Baba amekuja, na hasemi nami. Ameshuka kila kituo kumuulizia. Usoke wanawake walimwambia kwamba walimpa Bibi ugali, akala, akauliza jina la kijiji, akaendelea. Zaidi ya Usoke hakuna aliyemwona.

Jumatatu, 21 Januari

Baba amekirudisha kitanda ukutani. Alfajiri alimshikisha Babu fimbo mkono wa kushoto, akamsaidia. Tulisimama wote watatu chumbani, hata Mama. Tatu.

Niandike nilichokiogopa. Usiku wa kuamkia leo nilimaliza kitabu. Mwishoni meli inakamatwa na meli nyingine, nahodha mgeni anapaaza sauti kwamba wote wako huru, watoke. Hakuna anayetoka. Bila kujua, anagonga boriti mara tatu ili wamsikie. Na kutoka chini wanajibu, moja, moja, moja, karani anahesabu mia na arobaini. Waliopanda juu walikuwa themanini na sita.

Kwa hiyo nilisimama pale nikisubiri chumba kitupu kijibu. Nikahesabu mpaka ishirini na moja. Mpaka hamsini. Mpaka mia.

Hakikujibu.

"Gonga tena, Baba," Baba alimwambia Babu. Babu alifungua vidole, fimbo ikaanguka. "Amekwenda," alisema, wazi kuliko neno lolote tangu augue. Baba akaenda kukaa katika chumba cha nyuma mpaka saa sita, na alipotoka aliniomba maji ya kunywa. Ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu.

Jumanne, 29 Januari

Shuleni. Jana niliwasimulia wenzangu kitabu, kwa saa nzima, na hakuna aliyecheka. Mwalimu Flavia aliuliza nimekipendaje. Nikasema nitakirudisha kesho, kwa sababu sitaki kulala nacho tena.

Leo alfajiri mwalimu wa zamu aligonga kipande cha reli nje ya bweni, mara tatu, kama kila siku. Nilikuwa bado usingizini nusu. Nikakuta mkono wangu umejikunja ngumi, umeshainuliwa juu ya ubao wa kitanda. Nikaukunjua kidole kimoja kimoja, nikaulaza chini ya blanketi.

Tulipopangwa foleni akaita majina. Alipofika kwa Marcelina, niliitika.